Jezi ya Sh20 bilioni na fundisho la 'mwisho bei gani?'

KAMA umewahi kusimama pale Karume, Ilala, ukiwa na jezi ya mtumba mkononi, mchezo unaujua. Muuzaji anataja bei, wewe unacheka. Unairudisha kwenye lundo, unapiga hatua mbili kama unaondoka. Akikuita, umeshinda. Asipokuita, ujue bei ilikuwa ya kweli.

Mchezo huo huo ndio unaochezwa na matajiri wa dunia, tofauti ni sifuri tu. Mei 4, 2022 jezi moja ya bluu yenye namba 10 mgongoni iliuzwa na kampuni ya mnada ya Sotheby's ya London kwa Pauni 7.1 milioni. Kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya Sh20 bilioni. Kwa jezi moja. Tena imeshavaliwa.

Ilikuwa ya Diego Maradona, ile aliyowafunga nayo England mabao mawili Juni 22, 1986 kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia, Mexico. La kwanza la mkono, la pili la kuwapita Waingereza kama nguzo za umeme.

ILINUNULIWA DUKANI

Sasa cheka kidogo. Jezi hiyo ilitoka dukani tu.

Iko hivi. Kocha wa Argentina, Carlos Bilardo, aliona jezi zao za bluu ni nzito mno kwa jua la mchana la Mexico City. Siku chache kabla ya mechi akamtuma mtu mitaani kusaka nyepesi. Zikapatikana, nembo zikashonwa harakaharaka, namba za kung'aa zikabandikwa. Wachezaji wakaingia nazo Azteca.

Mechi ilipoisha, kiungo wa England, Steve Hodge, akakutana na Maradona wakielekea vyumbani. Wakabadilishana. Hodge ndiye aliyeubetua ule mpira nyuma kuelekea golini kwake, Maradona akaruka na kipa Peter Shilton, mkono ukafanya kazi. Kwa hiyo jamaa alichangia bao, akaondoka na jezi ya mfungaji.

Aliishi nayo miaka 35 na ushee. Kwa takribani miaka 20 aliiazima Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza, watu wakaitazame. Alipokubali kuiuza, ndipo mvutano ukaanza.

Familia ya Maradona ilidai Hodge hana jezi ya mabao, ana ile ya kipindi cha kwanza. Hapo ndipo penye roho ya biashara hii. Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao hata moja. Jezi ya kipindi cha kwanza ni jezi ya Maradona, ya kipindi cha pili ni historia. Sotheby's wakaweka picha za mechi ile pembeni ya jezi, wakalinganisha nembo, mistari na namba, alama moja baada ya nyingine, wakasema ni yenyewe. Shaka ingebaki, bei ingeporomoka palepale. Mnunuzi yeyote duniani hupunguzia kwenye shaka.

BASTOLA NAZO NI HIVYOHIVYO

Usidhani ni soka tu. Marekani kuna maonyesho ya silaha, meza zimepangwa ukumbini kama vibanda vya soko, na wazee wanavutana bei za bastola za kale, zile za kwenye filamu za kauboi. Mwenye meza anataja bei, mnunuzi anaigeuza mkononi na kuanza kutafuta kasoro. Namba za vyuma zinalingana? Mpini ni wa asili? Rangi ni ya kiwandani au imepakwa upya?

Hapo ndipo wageni wanapopigwa. Mtu anarithi bastola ya babu, anaing'arisha iwake, akidhani ameipandisha thamani. Kumbe ameiua. Wakusanyaji wanataka uchakavu wa kweli, siyo mng'ao wa juzi. Kisha wanauliza karatasi. Kampuni ya Colt hadi leo inatoa, kwa malipo, barua inayoonyesha bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa wapi. Mwenye barua anaongea kwa sauti, asiye nayo anasikilizia.

Mfano wa mwisho wa maneno ni wa Agosti 2021. Kampuni ya Bonhams iliuza Colt moja kwa Dola 6 milioni, wakati makadirio yalikuwa kati ya Dola 2 milioni na 3 milioni. Ni bastola ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Colt nyingine za aina hiyohiyo zipo nyingi tu na hazifiki huko hata kidogo. Chuma ni kilekile, kilichouzwa ni kisa chake.

Na Bonhams haohao, mwaka 2020, waliuza kombe la FA lililotumika kuanzia 1896 hadi 1910 kwa Pauni 760,000. Aliyelichukua ni mmiliki wa Manchester City, Sheikh Mansour.

Kanuni ya bastola inafanya kazi kwenye jezi pia. Jezi ya mechi yenye tope na majani humvutia mkusanyaji kuliko iliyofuliwa na kupigwa pasi. Tope ni shahidi.

SIYO KILA MARA NYUNDO INAPAA

Mnada ni kupatana bei kuliko geuzwa juu chini. Sokoni unavutana na muuzaji, kwenye mnada wanunuzi wanavutana wenyewe kwa wenyewe, muuzaji kakaa kimya anahesabu. Lakini wakigoma kuvutana, naye hana la kufanya.

Mwulize mwamuzi Ali Bin Nasser wa Tunisia, Mwafrika aliyechezesha mechi ile ya Azteca na kulikubali bao la mkono. Mpira uliochezewa alibaki nao mwenyewe. Novemba 2022, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, ukapelekwa mnadani London. Makadirio yalikuwa Pauni 2.5 milioni hadi 3 milioni. Ukaishia Pauni 2 milioni. Ni mkwanja mrefu, lakini chini ya ilivyotarajiwa.

Muda nao ni mchezaji. Mwaka 2002 jezi ya Pele ya fainali ya 1970 iliuzwa Christie's kwa Pauni 157,750. Muuzaji alikuwa beki wa Italia, Roberto Rosato, aliyebadilishana naye uwanjani. Wakati ule ilikuwa rekodi ya jezi ya soka. Miaka 20 baadaye Hodge kachukua zaidi ya mara 40 yake.

Upande wenye uchungu ni wa Nobby Stiles. Bingwa wa dunia 1966, bingwa wa Ulaya 1968 na Manchester United. Enzi zake mishahara haikuwa hii ya kina Haaland. Mwaka 2010 aliuza medali zake ili aiachie familia kitu. Manchester United wakajitokeza, wakainunua ya Kombe la Dunia kwa Pauni 188,200 na ile ya Ulaya pia. Angalau zilirudi nyumbani.

NA ZA KWETU?

Hapo ndipo swali linapotuangukia sisi. Taifa Stars ilicheza AFCON ya 1980 kule Nigeria. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF 1993, ikalala kwa Stella Abidjan hapa hapa Dar es Salaam. Majirani zetu Gor Mahia walibeba Kombe la Washindi Afrika 1987. Jezi zile ziko wapi? Medali ziko kwa nani? Au zimeshadekia sakafu?

Sisemi zitauzwa mabilioni. Zisipokuwa na uthibitisho, hazitauzwa hata kwa nauli. Kama una mzee nyumbani aliyecheza, kaa naye leo. Mwulize jezi ni ya mechi gani, aliivaa kipindi gani, alibadilishana na nani. Andika, weka tarehe, mpige picha akiwa ameishika. Tafuta na picha ya siku ile kwenye magazeti ya zamani. Usiifue.

Na klabu zetu zisisubiri mnada wa London. United walilipa kupata medali ya Stiles kwa sababu haikuwa mikononi mwao. Kwetu wazee bado wapo, na wengi wao hawajawahi hata kuulizwa bei.