“Haiwaki” na “Haianzi”

Kompyuta ya nyumbani ikigoma ghafla, wengi husema “imekufa”. Twaona kwamba neno hilo lafunika hitilafu mbili zilizo mbalimbali. Kompyuta *haiwaki* iwapo taa haionekani wala feni haivumi. Hapo hukaguliwa soketi, waya na kifaa cha ndani kinachogawa umeme. Kompyuta huwaka lakini *haianzi* iwapo feni yavuma, nembo ya mtengenezaji yatokea, kisha mfumo endeshi haupakiwi; hapo hushukiwa diski au mfumo wenyewe. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Aliyeambiwa “imekufa” aweza kuitupa pamoja na nyaraka zake, kumbe diski ni nzima, waya tu umelegea. Kwa hiyo twawashauri watafsiri wa vitabu vya maelekezo wasiyachanganye maneno haya.