Hojaji au mahojiano? M-Pesa ina funzo kwa anayeandika mradi wa chuo

MWAKA wa mwisho chuoni una swali moja linalowanyima wengi usingizi: utafiti wako utatumia mbinu gani? Wapo wanaokimbilia hojaji kwa sababu ati takwimu ndizo sayansi yenyewe. Wengine wanaogopa hesabu, basi wanachagua mahojiano wakidhani ni kupiga gumzo tu. Wote wameanza vibaya.

Mbinu ya kitakwimu huhesabu: ni wangapi, kiasi gani, mara ngapi. Ya kimaelezo hutafuta kwa nini na vipi, na jinsi wahusika wenyewe wanavyoyaelewa maisha yao. Tofauti hii inaonekana wazi ukitazama kitu ambacho huenda unacho kwenye simu yako sasa hivi, M-Pesa.

Huduma hiyo ilianza Machi 2007. Kuanzia 2008, wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia nyingi nchini kwa miaka kadhaa, wakilinganisha sehemu ambako maajenti waliongezeka kwa wingi na zile ambako hawakuongezeka sana. Mnamo 2016, katika jarida la Science, walikadiria kuwa M-Pesa ilitoa familia 194,000 kwenye umaskini, takriban asilimia 2 ya familia zote Kenya. Jibu kama hilo huwezi kulipata kwa kuhoji watu 30, hata uongee nao mwaka mzima.

Lakini nambari haibishi hodi ikaingia ndani ya nyumba. Mtafiti Olga Morawczynski alifuata njia tofauti. Alikaa na watu Kibera na Bukura, magharibi mwa Kenya, akiwasikiliza na kutazama wanavyotumia pesa. Aligundua kuwa baadhi ya wanawake waliweka akiba ya siri kwenye simu, waume wao wasijue. Aligundua pia kuwa kutuma pesa kulipokuwa rahisi, baadhi ya waliohamia mjini walipunguza safari za kwenda nyumbani.

Sasa fikiria hojaji yenye swali, 'Je, unamficha mumeo pesa?' Nani atatia alama kwenye 'ndiyo' mbele ya mgeni, tena mzee mwenyewe ameketi hapo kando? Fomu ingerudi na 'hapana' tupu, na kompyuta ingezijumlisha bila kushuku lolote.

Kila mbinu ina udhaifu wake. Simulizi za Kibera haziwezi kukuambia ni wanawake wangapi Kenya nzima wanaoficha akiba. Suri na Jack nao walikadiria kuwa wanawake 185,000 waliingia katika biashara kama kazi yao kuu kwa sababu ya M-Pesa, lakini idadi hiyo haikuambii mama mmoja alipitia nini kabla ya kufungua kibanda chake. Akiba ya siri inaweza kuwa fununu, na fununu kama hiyo ndiyo inayozaa swali zuri la hojaji.

Kwa hivyo, usianze na mbinu. Anza na swali lako. Likiuliza 'wangapi', andaa hojaji na sampuli ya kutosha. Likiuliza 'kwa nini', tafuta kiti, keti na watu. Likiuliza yote mawili, sikiliza kwanza kisha uhesabu, maana ukihesabu usichokielewa, utapata jibu safi la swali lisilofaa.