Kompyuta ya gemu na video kwa bajeti ndogo (Sehemu ya 2): Anza na kamera, ndipo uende dukani

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia fedha: kiasi gani kitengwe kwa monita, kiasi gani kwa UPS, na kwa nini mtu asinunue hata kebo moja kabla hajajua jumla yake. Leo tunaingia ndani ya kasha lenyewe, kwenye prosesa na kadi ya picha. Hivyo viwili ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa ya bajeti, na ndivyo watu wanavyokosea zaidi kuvichagua.

Ninamwandikia hasa kijana anayeishi kwa kuhariri video za harusi, send-off na kipaimara, ambaye kazi ikiisha usiku anataka kufungua GTA V kwenye mashine ile ile. Akienda madukani Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, ataonyeshwa mashine ya gemu. Muuzaji hamdanganyi, gemu ndiyo inayoulizwa na wengi, na ubora wake hupimwa kwa namba moja rahisi, fremu kwa sekunde. Lakini mashine inayokimbiza gemu vizuri inaweza kukwama kabisa mbele ya klipu ya dakika tatu iliyotoka kwenye kamera nzuri.

Tutazame kinachotokea unapobonyeza kitufe cha kutoa video. Faili la kamera limebanwa, kwa hiyo kwanza kompyuta inalifumua fremu baada ya fremu. Harusi ya saa moja kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 90,000. Kisha rangi, maandishi na mipito huwekwa juu ya kila fremu. Mwisho, fremu zilizokamilika zinabanwa upya ziwe faili ambalo mteja ataondoka nalo kwenye flashi. Kazi ile ya kati kwa kiasi kikubwa ni ya kadi ya picha. Kufumua na kubana, kwa upande mwingine, kuna saketi zake maalumu. Intel waliweka ya kwao, Quick Sync, ndani ya prosesa tangu mwaka 2011, na NVIDIA wakaingiza NVENC kwenye kadi zao mwaka 2012. Saketi hiyo ikiutambua muundo wa faili lako, kazi inateleza. Isipoutambua, mzigo wote unaangukia kore za prosesa: feni zinavuma, na picha inakatakata hata kabla hujagusa rangi.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza ni hili: kamera yako inarekodi nini? Simu nyingi na kamera nyingi za bei ya kati hurekodi H.264 ya biti 8, mpangilio wa rangi wa 4:2:0. Hiyo haina taabu. Karibu kila kadi na prosesa unayoweza kuifikiria leo inaifumua. Lakini Canon EOS R6, ukiwasha Canon Log, hutoa H.265 ya biti 10, mpangilio wa 4:2:2. Taarifa za rangi zinazohifadhiwa ni nyingi zaidi, na ngozi ya bibi harusi iliyopigwa na taa za zambarau za ukumbini inaweza kurekebishwa bila picha kuharibika. Kompyuta ndiyo inayolipia uzuri huo. Kadi za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kufumua 4:2:2 mpaka ulipotoka mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Hata RTX 4090, kadi ya mamilioni ya shilingi, haina saketi hiyo. Intel Core i5-12400, prosesa ya kawaida kabisa iliyotoka Januari 2022, inayo.

Sasa angalia vizuri boksi. Dukani utakuta pia i5-12400F. Zote mbili zina kore 6 na nyuzi 12, na kwenye gemu hutaona tofauti. Ile yenye F ni rahisi kidogo kwa bei kwa sababu sehemu ya picha ndani yake imezimwa, na sehemu hiyo ikizimwa, Quick Sync nayo imekwenda. Kwa anayecheza gemu tu, F ni akiba ya busara. Kwa mwenye R6, ile akiba ndogo atailipa kila siku anapokaa kuhariri. Programu nayo lazima ijue kuitumia saketi hiyo. Premiere Pro inajua, na wewe uthibitishe kwa programu na toleo unalotumia.

Je, AMD? Kama kamera yako ni ya 4:2:0, Ryzen 5 5600 ni chaguo ninalolipenda sana. Ina kore 6 na nyuzi 12 pia, inatumia umeme kidogo, na inakaa kwenye soketi ya AM4, ambayo madabodi zake zimejaa sokoni. Ukichukua madabodi ya zamani kama B450, hakikisha BIOS yake imesasishwa; bila hivyo inaweza isiitambue prosesa hiyo kabisa, na utarudi nyumbani na skrini nyeusi.

Kwenye kadi ya picha kuna mtego mwingine, na huu unaniuma kwa sababu unawanasa wenye fedha kidogo zaidi. Radeon RX 6500 XT huuzwa kama kadi mpya ya bei nafuu, na gemu nyepesi inazimudu. Haina saketi ya kubana video. Mhariri asiiguse. Kwa gemu za 1080p pamoja na uhariri wa wastani, RX 6600 yenye GB 8 inatosha. Lakini kwa anayehariri 4K, au anayetumia Blender, ningetafuta RTX 3060 ya GB 12, hata iwe ya mtumba. Kumbukumbu ya kadi ikijaa katikati ya kusafisha chengachenga za picha iliyopigwa gizani, DaVinci Resolve hukwambia kumbukumbu imekwisha na kazi inasimama. Uliza waziwazi kama ni ya GB 12, maana ipo RTX 3060 nyingine ya GB 8 ambayo pia ni dhaifu zaidi. Na wanaokushauri RX 580 kwa Blender wamepitwa na wakati: tangu toleo la 3.0, la Desemba 2021, injini yake ya Cycles haiitumii tena kadi hiyo.

Kadi za mtumba ziliongezeka baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Sikiliza feni zake, iendeshe chini ya mzigo kwa dakika ishirini, uangalie joto. Kilicho kibaya zaidi ni kadi iliyobadilishiwa jina: kadi kuukuu ya miaka mingi iliyoandikwa upya ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi za namna hiyo na huonyesha onyo la FAKE mbele ya jina. Iwe kwenye flashi yako kabla hujatoa fedha.

Neno moja juu ya pawa saplai. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. RTX 3060 inahitaji hadi 170. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi zilizotoka maofisini zina pawa saplai ndogo, yenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuichomoa tu na kuweka ya dukani. Zile nyembamba hata kasha halipokei kadi ya kimo cha kawaida.

Ukienda dukani, beba klipu yako mwenyewe ya dakika moja, kutoka kwenye kamera yako mwenyewe. Mwombe fundi aifungue kwenye mashine anayokuuzia, uiburute mbele na nyuma kwenye programu ya kuhariri huku ukitazama asilimia za prosesa na za kadi kwenye Task Manager.

Wiki ijayo: RAM, SSD, na mashine za mtumba baada ya msaada wa Windows 10 kukoma.