Kabla ya Kununua Waya, Itazame Sebule Yako

Huenda umewahi kupita barabara ya Luthuli jijini Nairobi ukitafuta dawa ya redio yako. Nyumbani sauti inavuma, maneno ya mtangazaji hayashikiki, na nyanya akija kuwatembelea huuliza kila mara, "Amesemaje?" Muuzaji anakuonyesha waya mnene wa spika, unaong'aa kama bei yake, na kukuapia kwamba shida yako imekwisha. Mkono uko mfukoni tayari, na pesa zilizomo ni za karo ya muhula ujao. Subiri kidogo!

Kazi ya waya wa spika ni kupitisha umeme tu. Waya wa kawaida wa shaba, wa milimita 2.5 mraba na urefu wa mita 5, huuzuia umeme kwa kiasi kisichofika asilimia moja ya kile kinachozuiwa na spika yenyewe ya omu 8. Sikio la binadamu haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Ikiwa waya umekatika, umelegea au umeshika kutu, naam, ubadilishe. Ikiwa ni mzima, uache.

Sasa simama katikati ya sebule na upige kofi moja. Je, sauti inakatika papo hapo, au inaning'inia hewani? Nyumba zetu nyingi za ghorofa zina kuta za mawe, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha ya vioo. Sauti hugonga ukuta huu ikarukia ule, na neno la kwanza huwa lingali linazunguka wakati la pili linapofika. Hapo hata redio ya bei ghali itaonekana mbovu.

Ugonjwa huu si mgeni. Mnamo 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kulikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi walishindwa kumsikia mwalimu. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Alipima akakuta sauti ikidumu kwa sekunde tano na nusu hivi. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho, na kila alipoongeza mito, sauti ilififia upesi zaidi.

Wewe pia unayo mito yako. Tandika zulia nene mbele ya spika. Tundika mapazia mazito, hata ya mitumba kutoka Gikomba. Kabati lililojaa vitabu nalo husaidia. Kisha ziondoe spika pembeni mwa chumba, kwani pale besi huzidi na kufunika maneno. Ziinue zilingane na masikio ya aliyeketi. Usihangaike na trei za mayai: humeza sauti kidogo mno, wala hazimkingi jirani na kelele zako.

Bado una shaka? Leo jioni chukua mablanketi mazito kitandani, uyatundike kwenye kuta zilizo tupu, kisha mwite nyanya msikilize habari pamoja. Jaribio hili halikugharimu hata senti. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa ni kidonda, lakini nyanya asipouliza tena "Amesemaje?", utajua dawa ilikuwa nyumbani, na karo ya watoto ingali salama mfukoni.