Ruzuku ilishusha bei ya dawa, kipimo kikaachwa nyuma

Mtoto akipata homa usiku kijijini, mzazi huanzia duka la dawa: liko karibu, halina foleni na linakubali fedha kidogo kidogo. Ukweli huo ndio uliolifanya jopo la wataalamu wa Marekani, chini ya mchumi Kenneth Arrow, lipendekeze mwaka 2004 kwamba ruzuku ya dawa za malaria itolewe mwanzo kabisa wa mnyororo wa biashara, yaani kiwandani.

Mpango huo, AMFm, ulianza kazi mwaka 2010 chini ya Mfuko wa Dunia, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Mwagizaji alilipa sehemu ndogo tu ya bei ya dawa mseto ya malaria. Iliyobaki alilipwa mtengenezaji moja kwa moja. Kisha dawa ikapita kwa wauzaji wa jumla hadi rejareja kama bidhaa nyingine yoyote. Pakiti zilikuwa na alama ya jani la kijani, na bei elekezi ya dozi ya mtu mzima ikawa Sh 40 Kenya na Sh 1,000 Tanzania Bara. Awali dozi hiyo ilikuwa ikifika dola 6 hadi 10, huku SP, dawa ya zamani iliyokwisha kuzoewa na vimelea, ikiuzwa kwa senti.

Kama biashara, ilifanikiwa. Ukiacha Niger na Madagascar, bei zilishuka na dawa ikajaa madukani.

Kasoro ilikuwa kwingine. Mwaka huohuo wa 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila mgonjwa apimwe kwanza, lakini ruzuku ilikuwa ya vidonge. Muuzaji anayemwambia mteja hana malaria anapoteza mauzo, na hakuna anayemfidia. Magharibi mwa Kenya, wachumi Cohen, Dupas na Schaner waligundua kuwa karibu nusu ya dozi zenye ruzuku zilinunuliwa na wasio na malaria, hasa watu wazima.

Huko Bungoma, pia magharibi mwa Kenya, lilijaribiwa jambo jingine: wahudumu wa afya ya jamii walipima bure, na aliyekutwa na vimelea akapewa vocha ya punguzo dukani. Upimaji uliongezeka, na dawa ikawafikia zaidi waliostahili.

Kwa maoni yangu, wizara za afya zifuate njia hiyo: punguzo litolewe kwa mwenye majibu yanayoonyesha malaria, na mwenye duka aliyefundishwa kupima alipwe kwa kila kipimo alichorekodi, hata kikionyesha hakuna malaria.