Tuache Kujihukumu kwa Ndimi Zetu

WAHENGA walinena kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Nami nakiri kuwa mifupa yangu yote i mizima. Hata hivyo, ipo kauli moja iliyonilemaza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilikuwa darasa la sita wakati mwalimu mmoja aliponirejeshea daftari mbele ya wenzangu na kutamka: "Wewe hesabu huzijui, wala hutazijua." Darasa likaangua kicheko, kengele ikalia, tukaenda kucheza. Sidhani kama mwalimu yule aliikumbuka kauli yake hata siku iliyofuata. Mimi niliikumbuka. La kusikitisha zaidi ni kwamba niliipokea kazi yake nikaiendeleza, nikijikariria maneno hayo kimoyomoyo pasipo kulipwa mshahara. Dukani nilitia chenji mfukoni bila kuihesabu. Chama chetu cha ukoo kiliponiteua kuwa mweka hazina, nilikataa katakata, nikasingizia shughuli nyingi.

Jioni moja binti yangu alilisukuma daftari lake kando, akasema: "Baba, mimi hesabu siziwezi. Nimekufuata wewe." Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kumfunza maneno hayo. Alikuwa ameyaokota kila nilipojifanyia mzaha mbele ya wageni.

Msomaji mpendwa, taifa letu ni hodari wa kutoa hukumu za aina hii. Kuanzia mwaka wa 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulimkabidhi kila mtahiniwa jumla ya alama, na wapo watu wazima wanaoitaja jumla hiyo hadi leo kana kwamba ni jina lao la ubatizo. Mtihani umeondoka, lakini sauti yake ingali vifuani mwa wengi.

Je, sauti hiyo hunyamazishwaje? Wapo wanaotushauri tusimame mbele ya kioo na kujimwagia sifa. Ushauri huo una kasoro. Mnamo 2009, Joanne Wood na wenzake, watafiti wa nchini Kanada, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wanaojidunisha, walipojikariria kuwa wao ni watu wa kupendeka, walijihisi vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakujikariria lolote. Si ajabu. Mtu akijipaka sifa asizoziamini, moyo wake humwita mwongo.

Njia iliyonifaa mimi inakaribiana na ile ya daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck. Katika miaka ya 1960, daktari huyo alitambua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walivamiwa na mawazo ya ghafla yaliyowashutumu wao wenyewe, ulimwengu wao na mustakabali wao, nao wakayaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoiasisi humfunza mtu kulipandisha wazo kizimbani na kulidai ushahidi.

Basi nilichukua karatasi nikaandika shtaka: "Hesabu siziwezi." Upande wa mashtaka ulileta daftari la darasa la sita. Upande wa utetezi ulikumbusha kwamba kila mwezi mimi hugawa mshahara mmoja kati ya karo, kodi, unga na nauli, na kwamba nilipojenga nyumba kijijini nilikadiria saruji na mabati mwenyewe, vikatosha. Uamuzi haukuwa kwamba mimi ni gwiji. Ulikuwa kwamba hesabu nyingine naziweza, nyingine zanitatiza, na zinazonitatiza naweza kufunzwa.

Sidai kwamba karatasi moja huondoa kila dhiki. Aliyezama katika huzuni isiyokwisha amwone daktari, wala asione haya. Lakini wengi wetu tumefungwa na hukumu ambazo hatujawahi kuzikatia rufani.

Usiku ule tuliketi na binti yangu tukatatua sehemu kumi za hesabu. Tulipata saba. Zile tatu alienda nazo shuleni kumwuliza mwalimu wake, na jioni akanifunza mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Chama chetu kitakutana mwezi ujao. Nafasi ya mweka hazina ingali wazi, nami nimeazimia kuinua mkono.