Bei ya rafiki yaweza kuwa ghali kuliko ya kontrakta
Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mmoja wa vitenge, Kariakoo, Dar es Salaam, amejifunza kwa hasara kwamba bei ya rafiki si lazima iwe bei nafuu.

Mwaka 2021 alitaka kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja chake Kivule. Kontrakta mmoja alimtajia shilingi milioni 13, vifaa na ufundi, hadi boma lifike kwenye lenta. Rafiki yake wa tangu utotoni, aliyemsimamia pia kwenye ndoa yake, akasema ataifanya kwa milioni 12. Hawakuandikiana chochote.

Rafiki alidai saruji iko karibu kupanda bei, hivyo akapewa milioni 9 kwa mkupuo. Msingi ulijengwa, kuta zikafika usawa wa madirisha, kisha kazi ikasimama miezi minane. Sehemu ya fedha ilikuwa imekwenda kumalizia nyumba ya mteja mwingine.

Mwenye nyumba aliona haya kudai. Rafiki naye alikuwa na lake moyoni: katikati ya kazi aliagizwa aongeze fremu ya duka upande wa mbele, na malipo yake hayakuzungumzwa.

Hatimaye waliitwa wazee wawili na fundi wa pembeni aliyepima kazi. Mwenye nyumba alikuwa akisema mtaani kuwa ameliwa milioni 5. Kipimo kilionyesha kuwa kazi iliyosimama ina thamani ya milioni 5, pamoja na fremu ya milioni 1 aliyokuwa ameisahau. Kwa hiyo fedha iliyotangulia kazi ilikuwa milioni 4.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Mfanyabiashara huyu huzungusha mtaji wake kila miezi miwili na kupata faida ya asilimia 8. Milioni 4 zingempa shilingi 320,000 kwa mzunguko mmoja. Kwa miezi minane ni mizunguko minne, yaani shilingi 1,280,000. Alimfuata rafiki ili aokoe milioni 1. Kuchelewa peke yake kumekula zaidi ya hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, mtu asijenge na rafiki? La. Rafiki anayejua kazi ana faida zake: unamfahamu tabia, unajua kwake, na hatakukimbia mji. Lakini urafiki hauwezi kufanya kazi ya mkataba. Kisheria makubaliano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba. Ugumu uko kwenye kuyathibitisha.

Kwanza, andikeni makadirio ya gharama, hatua kwa hatua: msingi, kuta, lenta, kupaua, lipu. Lipa kila hatua ikikamilika na kupimwa, na fedha isitangulie mbali mbele ya kazi.

Pili, ukiweza nunua vifaa mwenyewe, umwachie yeye ufundi. Ukuta wa tofali za nchi 18 kwa 9 hula takriban tofali 10 kwa mita moja ya mraba. Ukijua hilo utagundua mapema kama lori moja la tofali limeishia kwingine.

Tatu, kagua vitu ambavyo zege litavificha. Nondo ya milimita 10 ikiwekwa mahali pa milimita 12, chuma hupungua kwa karibu asilimia 30, na zege likishamwagwa huwezi kuiona tena. Hakikisha pia kuwa zege linamwagiliwa maji. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, si kesho yake.

Nne, badiliko lolote, hata dirisha moja, liandikwe pamoja na bei yake kabla fundi hajaanza. Kipengele hiki humlinda rafiki kuliko kinavyokulinda wewe.

Tano, zuia asilimia 5 hadi 10 ya malipo kwa miezi sita au zaidi, ili nyufa na uvujaji vikijitokeza fundi awe na sababu ya kurudi.

Kama kazi ni kubwa, muulize rafiki yako kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Swali hilo si tusi. Benki ingemuuliza hivyo hivyo.

Huko Kivule, rafiki alikubali kufanya kazi ya milioni 4 bila kuongezwa kitu, na boma likafika kwenye lenta mwaka 2023. Kupaua alipewa mtu mwingine, kwa mkataba wa kurasa mbili. Marafiki hao wawili wakikutana husalimiana, lakini hawatembeleani tena. Hasara hiyo haimo kwenye hesabu ya hapo juu.